Digrii ya Utalii na Ukarimu Ukiwa Kwenye Zamu: Mwongozo kwa Mfanyakazi wa Hoteli

Saa tisa usiku lodji yetu ya Karatu huwa kimya kabisa. Wageni wa Ngorongoro wamelala mapema kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi wanataka kuwa geti la Loduare, lango la kuingilia hifadhi. Mlinzi anapita na tochi yake, jiko limefungwa, na mimi nimeshafunga hesabu za siku. Sehemu kubwa ya digrii yangu niliisomea hapo, nyuma ya kaunta ya mapokezi, kompyuta pembeni na simu ya mezani mbele yangu.

Nilianza nikiwa na miaka 34, stashahada ya uendeshaji hoteli na watoto wawili. Tayari nilikuwa nimewafundisha kazi mameneja wawili wa mapokezi walioletwa juu yangu kwa sababu wao walikuwa na digrii. Nafasi hiyo ilipotangazwa mara ya tatu, nikaamua kwenda kuitafuta digrii hiyo. Ilinichukua miaka mitano na nusu. Naandika njia niliyopita na mashimo niliyotumbukia, ili wewe uliye kwenye vyumba, jikoni, baa au mapokezi upite kwa wepesi kuliko mimi. Nitaongea zaidi kuhusu Tanzania Bara kwa sababu ndiko nilikosomea, ingawa mpangilio wa saa na misimu utamfaa hata aliye Nungwi, Diani au Entebbe.

Hatua ya 1: Toa vyeti kabatini

Kabla ya kutafuta chuo, kaa chini na vyeti vyako vyote uone utaingilia mlango upi. Aliyemaliza kidato cha sita huingia kwa masomo mawili aliyofaulu kwa kiwango cha prinsipo, yenye jumla ya pointi 4 au zaidi, kwa hesabu ya A kuwa 5 na E kuwa 1. Mwenye stashahada anahitaji GPA, yaani wastani wa alama zake, ya 3.0 kwenda juu pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Watu wengi wa hotelini tunapita mlango huu wa pili. Mwenye stashahada iliyo chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani NACTVET, lazima kwanza aombe kwao namba ya uhakiki wa tuzo, ile kila mtu anaiita AVN. Bila namba hiyo fomu ya chuo haiendi popote. Iombe mapema. Kama matokeo ya chuo chako cha zamani hayajaingizwa vizuri kwenye mfumo, utazunguka wiki kadhaa kuyafuatilia, na dirisha la maombi halikusubiri.

Kama alama zako hazitoshi, usikate tamaa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina programu ya msingi kwa ajili ya watu ambao matokeo yao ya kidato cha sita au stashahada yalipungua kidogo. Kuna pia utambuzi wa mafunzo ya awali, unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), unaompima mtu mwenye uzoefu wa miaka kazini. Mpishi aliyesimama jikoni miaka kumi na mitano ana elimu ambayo haikuandikwa popote, na njia hii inampa pa kuionyesha. Atafanya mtihani na kukusanya ushahidi wa kazi zake. Ukichagua njia hii, anza leo kutunza barua za ajira, vyeti vya semina, menyu ulizoandaa na picha za kazi yako.

Jambo moja dogo linaangusha wengi, hasa wanawake, nalo ni majina. Cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa na majina mawili, kitambulisho cha NIDA matatu, na stashahada ilikuwa na jina la ndoa. Mfumo wa maombi uliniona watu watatu. Nenda kwa wakili akuambie kama hati ya kiapo inatosha au unahitaji hati ya kubadili jina. Maliza hili kabla ya kujaza fomu yoyote, maana likikufuata hadi kwenye cheti cha digrii litakugharimu mara kumi.

Hatua ya 2: Kihakiki chuo kabla hujakilipa

Dada mmoja tuliyefanya naye kazi kitengo cha vyumba alilipa kwa dola chuo kimoja cha nje alichokiona kwenye simu. Kilimwahidi digrii ya hoteli kwa miezi kumi na minane, bila mtihani wa kusimamiwa, na punguzo kubwa kama angelipa wiki ile ile. Alisoma kwa bidii kweli. Cheti kikaja kizuri, cha karatasi nzito na muhuri wa dhahabu. Alipokipeleka kuombea kazi serikalini akaambiwa hakitambuliki, kwa sababu chuo chenyewe hakikuwa na ithibati hata katika nchi kilikodai kuwa. Akiba yake ya miaka mitatu iliishia hapo. Nikimkumbuka roho inaniuma mpaka leo, na ndiyo maana hatua hii naisisitiza kwa kila anayeniuliza.

Chuo cha Tanzania kitafute kwenye orodha ya TCU, kisha uhakikishe kwamba hata programu yenyewe unayoitaka imo. Kwa chuo cha nje, anza na chombo cha ithibati cha nchi hiyo, halafu waandikie TCU kabla hujalipa, uwaulize kama tuzo ya chuo hicho iliyosomwa kwa masafa itatambuliwa. Jibu lao lihifadhi. Mwenzetu wa Kenya aulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Wa Uganda, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE.

Hapa nyumbani, kwa mtu anayefanya kazi, mlango ulio wazi zaidi ni Chuo Kikuu Huria. Kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa aina yetu hasa, wasioweza kuacha kazi waende kukaa bweni. Makao yake makuu yako Kinondoni, Dar es Salaam, lakini kina vituo mikoani, na utalii ni moja ya masomo kinayofundisha kwa ngazi ya shahada. Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina skuli yake ya masomo huria kwa njia ya dijitali. Vyuo vya Marekani na Uingereza vyenye digrii za ukarimu za mtandaoni ni vingi na vingine ni vizuri sana, ila ada yake ni ya fedha za kigeni. Shilingi ikishuka katikati ya mwaka wa pili, ni wewe utakayeziba pengo.

Chuo chochote unachokifikiria, kipigie simu uulize maswali haya na uandike majibu. Mitihani inafanyika wapi? Mafunzo kwa vitendo nitaruhusiwa kuyafanya hotelini kwangu? Muda wa mwisho wa kumaliza digrii ni miaka mingapi? Nikisimama muhula mmoja nalipa nini? Kozi nilizosoma kwenye stashahada zinaweza kuhamishwa? Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote. Neno "mtandaoni" hupotosha watu: unaweza kusoma kila kitu kwenye simu, kisha mtihani ukatakiwa uufanye kituoni, ana kwa ana, mbele ya msimamizi. Kwangu mimi kituo kilikuwa Arusha mjini, karibu saa tatu kwa basi kutoka Karatu, na safari hiyo ilibidi iingie kwenye rosta na kwenye bajeti.

Hatua ya 3: Hesabu saa kabla ya kuhesabu shilingi

Kila mtu huanza na ada. Mimi nakushauri uanze na saa, kwa sababu wengi niliowaona wakiacha njiani waliishiwa muda kabla ya pesa.

Digrii ya kawaida Tanzania ina angalau krediti 360, yaani 120 kwa mwaka kwa anayesoma miaka mitatu. Krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwamo kusoma, kazi za kuandika, mafunzo kwa vitendo na kujiandaa na mtihani. Kwa hiyo digrii nzima ni saa 3,600. Sasa jiangalie. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wiki ya kawaida ya kazi isizidi saa 45, na sote tunajua mwezi wa Agosti unavyokuwa hotelini. Ongeza usafiri, kupika, watoto, msiba wa jirani, ibada. Mimi niliandika kila kitu kwa wiki mbili kwenye daftari na nikaona ninaweza kupata saa 14 za kweli kwa wiki, tena nikijibana. Saa 14 kwa wiki 48 ni saa 672 kwa mwaka. Gawanya 3,600 kwa 672, unapata miaka mitano na miezi kadhaa.

Nilipoiona hesabu hiyo nililia kidogo, kisha nikapata amani. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba sitamaliza kwa miaka mitatu, kwa hiyo mwaka wa tatu ulipopita sikujiona nimeshindwa. Nilikuwa nasajili kozi kadiri ya nguvu yangu, nne au tano badala ya mzigo mzima. Wenzangu wawili tulioanza pamoja walisajili kila kitu mwaka wa kwanza, wakapata sapu nyingi, yaani mitihani ya kurudia, wakaacha. Uwezo wao darasani ulikuwa mkubwa kuliko wangu.

Piga hesabu yako mwenyewe. Ukipata chini ya saa 8 kwa wiki, kwanza badilisha kitu nyumbani au kazini, halafu ndiyo ujisajili.

Hatua ya 4: Fuata msimu

Hili ndilo hasa lililonifanya niandike. Mwanafunzi wa kawaida anafuata kalenda ya chuo. Mfanyakazi wa hoteli ana kalenda ya pili yenye nguvu kuliko hiyo, nayo ni msimu, na ukijaribu kushindana nao utaumia bure. Kanda ya kaskazini watalii hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, wakapungua Novemba kwenye mvua za vuli, wakarudi kwa Krismasi hadi Februari. Aprili na Mei masika hutandika. Kambi kadhaa hufunga kabisa, lodji hubaki na vyumba vichache vyenye wageni, na ndipo mafundi wanapaka rangi. Pwani na Zanzibar nako masika ni hivyo hivyo.

Chukua karatasi kubwa, chora miezi kumi na miwili. Mstari wa juu andika msimu wa hoteli yako, wa chini tarehe za chuo: usajili, kazi za kuandika, majaribio, mitihani. Mahali mistari miwili inapogongana weka alama nyekundu. Kwangu ilikuwa kwenye mitihani ya katikati ya mwaka, wakati Juni imeshawasha moto. Kuanzia hapo nilipanga hivi: kozi ngumu, zile za takwimu na uhasibu, nilizianza Machi ili Aprili na Mei nizimalize kichwa kikiwa kimetulia. Julai na Agosti sikujidanganya kwamba nitasoma sura mpya. Nilirudia tu nilichokwisha kukisoma, nusu saa kwa siku, ili kisipotee. Novemba niliandika kazi zote zilizobaki.

Likizo nayo ni mtaji. Sheria niliyoitaja inakupa siku 28 za likizo kwa mwaka. Usizimalize zote kijijini Desemba. Omba zigawanywe, wiki moja au mbili ziangukie kwenye mitihani. Sheria hiyo haimlazimishi mwajiri wa kawaida kukupa ruhusa ya masomo yenye malipo, kwa hiyo kila siku ya ziada utaipata kwa maelewano.

Na maelewano yana wakati wake. Usimfuate meneja saa nne asubuhi wageni wakiwa wanatoka. Mimi nilimfuata meneja mkuu wetu, mama mtu mzima aliyeanzia kazi jikoni, siku ya Jumanne ya mwezi Machi baada ya chakula cha mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na karatasi, kuna nini tena?"

Nikamwonyesha ile chati ya miezi. Sikumwomba anipunguzie kazi. Nilimwomba anipange zamu ya usiku wiki nne mfululizo kabla ya kila mtihani, na zamu ya mchana wiki ya mtihani yenyewe, mimi nikiziba Krismasi na Pasaka bila kunung'unika. Aliitazama chati muda mrefu, akasema, "Mwanangu, ungeniambia tu unataka kusoma ningekukatalia. Sasa naona utafanyaje kazi." Akaniambia niandike barua, naye akaisaini. Barua hiyo iliniokoa alipohamishwa na akaja meneja mwingine asiyenijua.

Zamu ya usiku ni baraka na mtego. Kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri, hesabu zikishafungwa, unapata saa tatu tulivu. Lakini kazi ya hoteli ndiyo inatangulia: mgeni akipiga simu kwamba anaumwa tumbo, daftari linafungwa papo hapo. Muombe msimamizi wako ruhusa ya kusoma zamuni, akubali waziwazi, usifanye kwa kujificha. Na asubuhi ukifika nyumbani lala. Niliwahi kujidai naweza kulala saa tatu kwa siku mwezi mzima, nikaishia kumpa familia moja chumba ambacho kilikuwa na wageni tayari.

Hatua ya 5: Ada, bando na umeme

Lipa kwa awamu zinazofuata kipato chako. Sevisi chaji na bakshishi za Julai hadi Septemba ndizo zilizolipa sehemu kubwa ya ada yangu ya mwaka. Nilizitenga kwenye akaunti nyingine siku ile ile nilipozipata, kabla hazijaonja sokoni. Kwenye chuo cha umma utapewa kontroo namba ya malipo. Lipa kwa namba hiyo tu, usimtumie mtu yeyote pesa kwenye simu yake hata akijitambulisha kuwa wa ofisi ya usajili, na kila risiti ipige picha. Siku moja mfumo utasema unadaiwa, na picha hiyo ndiyo itakayokutetea.

Bando la usiku ni rahisi kuliko la mchana, kwa hiyo video na vitabu vipakue usiku na usome bila intaneti. Kwa majaribio ya mtandaoni yenye muda maalumu uwe na laini mbili za mitandao tofauti na pawabenki iliyojaa. Umeme ulikatika nikiwa swali la saba kati ya ishirini, simu ina asilimia nne. Niliandika barua ya kuomba nirudie, nikakubaliwa baada ya mwezi, lakini ule mwezi sikuwa na usingizi.

Kompyuta ya mtumba inatosha. Simu peke yake haitoshi. Utasoma nayo, ila utafiti wa kurasa arobaini hutauandika kwa kidole gumba.

Hatua ya 6: Ifanye hoteli kuwa kitabu chako

Hapa ndipo mtu mzima anapomshinda kijana wa bwenini. Kijana anasoma neno "gharama za chakula" na kulikariri. Wewe umeshuhudia shefu akipiga kelele kuhusu parachichi zilizooza stoo.

Mfano wa mapokezi. Lodji ina vyumba 40, jana viliuzwa 26, mapato ya vyumba yakawa dola 3,120. Vyumba vilivyojaa ni asilimia 65. Wastani wa bei ya chumba kilichouzwa ni dola 120. Lakini ukigawanya dola 3,120 kwa vyumba vyote 40, vikiwamo vilivyolala vitupu, unapata dola 78, na hiyo ndiyo mameneja wanaiita RevPAR. Nilikuwa nimeichapa ripoti hiyo kila usiku kwa miaka sita bila kujua kwa nini bosi hutazama ile namba ya tatu kwanza. Usiku nilipoielewa nilirudi kwenye ripoti za masika iliyopita, nikaona kwamba punguzo kubwa tulilotoa lilijaza vyumba lakini RevPAR haikupanda hata kidogo. Niliandika kazi yangu ya kozi kuhusu jambo hilo, ikapata A, na meneja akaomba nakala.

Fanya hivyo kwa kila kozi. Ukisoma usafi na usalama wa chakula, shuka jikoni uangalie joto la friji linaandikwa mara ngapi. Ukisoma sheria, tafuta leseni zilizotundikwa ukutani ofisini uone kila moja imetolewa na nani. Ukisoma madaraja ya nyota, hoteli za Afrika Mashariki hupimwa kwa vigezo vya pamoja vya Jumuiya. Chukua vigezo hivyo uzunguke navyo hotelini kwako. Waulize wazee wa kazi. Mzee wetu wa bustani ndiye aliyenielewesha matumizi ya maji kuliko moduli nzima.

Lugha itakusumbua kwanza. Masomo ni ya Kiingereza, na Kiingereza chetu cha kaunta ni kizuri kwa mdomo lakini kwenye karatasi ni kitu kingine. Mimi nilikuwa naandika hoja kwa Kiswahili kwanza, nikishaiona imesimama naiandika upya kwa Kiingereza kifupi. Usinakili kazi ya mtu wala usimlipe mtu akuandikie. Vyuo vina programu za kukagua, na ukikamatwa unapoteza miaka yote uliyolala macho.

Takwimu na uhasibu zikikushinda, tafuta mtu wa kukufundisha uso kwa uso, hata kwa kumlipa kidogo. Mhasibu wetu alinifundisha Jumapili nne, akakubali malipo ya chapati.

Hatua ya 7: Mitihani

Thibitisha usajili wa mtihani mwenyewe kwenye mfumo, tarehe ya mwisho iandike ukutani. Mwaka wa pili niliipitisha kwa siku mbili kwa sababu ilikuwa wiki ya vikundi viwili vya wageni sitini, nikasubiri hadi awamu iliyofuata kwa kozi nilizokuwa nimeziiva kabisa.

Fika mjini jana yake. Usitoke zamu ya usiku ukapanda basi la alfajiri ukaingia chumba cha mtihani. Nilifanya hivyo mara moja, kwenye mtihani wa masoko ya utalii, nikasoma swali la tatu mara tano bila kulielewa. Ile sapu niliistahili. Baada ya hapo nilikuwa nalala kwa shangazi Sakina, Arusha, na nilimwambia watoto wasinisalimie hadi nimalize.

Nyumbani nako watu wajue tarehe. Mume wangu alichora mitihani kwenye kalenda ya jikoni, na wiki hiyo yeye ndiye aliyepika. Kama huna mwenza, mtafute dada, jirani au mama mapema, usingoje usiku wa mwisho. Wanafunzi wenzako wa kituo kimoja wafanyieni kundi la WhatsApp, dogo, watu watano au sita. Kundi la watu mia mbili linakula bando tu.

Hatua ya 8: Mafunzo kwa vitendo na utafiti

Kama chuo kinakuruhusu kufanya mafunzo kwa vitendo hotelini kwako, usibaki kwenye kitengo chako. Hutajifunza jipya, na msimamizi wa chuo ataona. Mimi nilikwenda stoo na ununuzi kwa wiki nne na mauzo kwa wiki nne, na ni stoo iliyonibadilisha: niliona pesa inavyotoka mlango wa nyuma kwa vitu vidogo, sabuni, gesi, matunda yaliyonunuliwa bila kuangalia idadi ya wageni.

Mada ya utafiti ichague iliyo ndogo na iliyo karibu nawe. Kwa nini wahudumu wapya wanaacha kazi ndani ya mwaka mmoja? Chakula kiasi gani kinabaki kwenye bufee ya asubuhi? Wageni wanalalamikia nini zaidi kwenye maoni yao, na uongozi hujibu baada ya muda gani? Mada kama "mchango wa utalii katika uchumi wa Tanzania" itakumeza. Mimi nilipima chakula cha bufee kwa siku thelathini kwa mzani wa jikoni, na kila kitu nilichoandika nilikuwa nimekishika kwa mkono.

Omba barua ya ruhusa kutoka kwa uongozi kabla ya kuchukua takwimu yoyote. Na mfumo wa hoteli una majina, pasipoti na namba za simu za wageni. Hivyo si vyako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu hata sisi wa kaunta. Toa idadi na wastani, majina yaache humo humo.

Msimamizi wa utafiti mtumie sura moja moja, na akichelewa mkumbushe kwa adabu kila baada ya wiki mbili. Ana wanafunzi wengi, na anayekumbusha ndiye anayesomwa.

Ukishamaliza

Matokeo ya mwisho yakitoka, kagua kila kozi kwenye transikripti na kila herufi ya jina lako kabla cheti hakijachapwa. Toa nakala tatu zilizothibitishwa na wakili. Moja ipeleke ofisi ya rasilimali watu pamoja na barua ya kuomba jalada lako lihuishwe, na usiondoke bila nakala yako ya barua hiyo kugongwa muhuri na tarehe. Yangu iligongwa tarehe 4 Machi, kabla ya masika, wakati hoteli hupanga nafasi za msimu mpya.